Misemo ya Kiingereza Iliyotokana na Muziki



Nimeombwa niseme machache juu ya misemo ya Kiingereza iliyotokana na muziki. Huenda mtu akafikiri ni jambo la mchezo. Lakini sisi tusomao barua za ofisi na kuwafasiria wengine twajua kwamba neno gumu halitudhuru sana, kwa kuwa hutulazimisha kufungua kamusi. Lituponzalo ni neno jepesi, tunalodhani kuwa twalijua.

Chukueni msemo "for a song". Maneno yote matatu hujulikana na mtoto wa shule. Barua ikisema kwamba shamba liliuzwa hivyo, na mkalimani akafasiri kuwa "liliuzwa kwa wimbo", wazee watadhani hakuna fedha iliyotolewa. Sivyo: fedha ilitolewa, ila bei ilikuwa duni mno. Tofauti hiyo yaweza kumpotezea mtu haki yake.

Vivyo hivyo shahidi akisemwa kuwa "changed his tune", maana yake amegeuza kauli au msimamo wake. Msemo wenyewe hausemi kwamba ameongopa. Mfasiri akiongeza neno uongo, amekwisha kuhukumu kabla ya hakimu. Na mtumishi aambiwaye "face the music" haitwi ngomani. Atakiwa kuyakabili matokeo ya alilolitenda, yajapokuwa machungu.

Misemo mingine yafahamika upesi tukiyatazama mambo ya kwetu. Mwenye kujisifu huambiwa kuwa apuliza tarumbeta yake mwenyewe, "blow one's own trumpet". Huko Ulaya matarumbeta yalitangaza kuwasili kwa wafalme. Nasi huku pwani tulikuwa na siwa, kama ile ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, zilizopulizwa katika shughuli za wakubwa. Mwenye heshima hupuliziwa siwa, hajipulizii.

Tena wasema "he who pays the piper calls the tune": amlipaye mpiga zumari ndiye achaguaye wimbo. Hapo tafsiri ya neno kwa neno yatosha, kwa maana wapiga zumari tunao.

Wa mwisho ni "play second fiddle", yaani kuwa chini ya mwingine. Katika okestra wapiga fidla hugawanywa makundi mawili. La kwanza aghalabu hushika sauti kuu ya wimbo, la pili huitegemeza. Msemo huu hutumiwa kwa kudunisha, walakini waondoeni wale wa pili, mwone muziki utakavyopwaya. Karani msaidizi asione haya.

Basi, ndugu zangu, yatupasa kushika mambo mawili. Kwanza, tufasiri maana, si maneno matupu. Pili, msemo ukitutatiza, na haki ya mtu imo ndani yake, tumwulize aliyeuandika kabla hatujatia sahihi. Wahenga walisema: kuuliza si ujinga.