Redio Iliyolowa na Meli Iliyozama

Wewe uliyepitia Nyarushishi, huku Nkungu, unajua mvua ya Rusizi haibishi hodi. Redio yangu imelowa mara mbili, na zote imepona.

Tangu utotoni napenda kufungua redio, lakini penzi langu kubwa ni injini za mvuke. Sikiliza habari ya meli Liemba ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, ila mafundi walizipaka injini grisi nene kwanza. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini zilikuwa nzima! Mwaka 1927 ikarudi kazini. Mwaka 2015, ikitumia dizeli sasa (nasikitika), iliwabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Labda nawe ulikuwamo.

Basi redio yako ikilowa, usiiwashe kuijaribu. Toa betri papo hapo, maana umeme ukikuta maji ndani ndipo inapoungua. Ifungue, ifute, ianike kivulini penye upepo siku mbili. Vyuma vya betri vikiota kutu, visugue kwa msasa. Grisi usipake, hiyo ni ya injini. Ikizidi kunyamaza, mpelekee fundi, umwambie ililowa lini.