Hatari ya Naitrojeni Kazini



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu serikalini, yaani ukaguzi wa usalama viwandani. Nimechagua jambo moja tu: naitrojeni.

Katika maabara ya shule hii tulifundishwa kwamba asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, na asilimia 21 ni oksijeni. Naitrojeni haina rangi, haina harufu, wala haiwaki. Ndiyo maana viwanda huisukuma ndani ya matangi na mabomba ili kuondoa oksijeni, moto usitokee. Lakini mahali ambapo moto hauwezi kuwaka kwa kukosa oksijeni, mtu naye hawezi kuishi.

Ubaya wake ni kwamba mwili hautoi onyo. Kinachotufanya tuhisi kubanwa pumzi ni kabonidayoksaidi inapozidi mwilini. Anayevuta naitrojeni tupu huendelea kuitoa kabonidayoksaidi kama kawaida, basi hahisi dhiki yoyote. Pumzi chache tu, naye yuko chini.

Tarehe 5 Novemba 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta huko Delaware City, Marekani, mafundi wawili walikufa hivyo. Wa kwanza alikuwa katika mdomo wa mtambo uliojazwa naitrojeni, na yaelekea alitaka kuokota utepe wa gundi ulioangukia ndani. Wa pili aliingia kumwokoa. Bodi ya uchunguzi ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuhesabu vifo 80 vya namna hii kati ya 1992 na 2002.

Msidhani ni mambo ya mbali. Hapa kwetu mbegu za madume ya ng'ombe huhifadhiwa katika naitrojeni ya majimaji. Lita moja ikimwagika hugeuka gesi ya lita zipatazo 700. Mtungi huo usisafirishwe ndani ya gari lililofungwa madirisha, wala usiwekwe katika chumba kisichopitisha hewa.

Kabla ya kuingia tangini, pimeni oksijeni. Ikiwa chini ya asilimia 19.5, msiingie. Pitisheni hewa safi, pimeni tena, na pawepo mlinzi nje. Barakoa ya vumbi haisaidii kitu, kwani haiongezi oksijeni.

Vijana, shule hii hufundisha kutomwacha mwenzako. Ni fundisho jema, nami nalishika hadi leo. Lakini ukimwona mwenzako ameanguka tangini, usimfuate. Piga kelele, ita waokoaji wenye mitungi ya hewa ya kupumua. Kubaki nje si woga. Ukiingia mikono mitupu, hutamtoa. Watakuja kuwatoa wawili.