Mama Nyigu na Ukubwa wa Windo Lake

Leo tunaingia shamba la muhogo kumtazama nyigu mwenye urefu wa takriban milimita mbili tu. Usimwogope, hana haja na wewe. Anachowinda ni vidung'ata, wale wadudu weupe kama waliopakwa unga, wanaofyonza ncha za muhogo mpaka majani yanajikunja na mmea unadumaa.

Jina la kisayansi la nyigu huyu ni Anagyrus lopezi. Vidung'ata hao wa muhogo walitoka Amerika ya Kusini, wakaonekana pande za Kinshasa na Brazzaville mwanzoni mwa miaka ya 1970, bila adui wao wa asili. Mwaka 1981 nyigu huyu alitolewa Paraguay, akaachiliwa Nigeria na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA ya Ibadan, katika mpango ulioongozwa na mtafiti Hans Herren. Kutoka hapo alienezwa katika nchi nyingi za Afrika, na mwaka 1995 Herren akapewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Sasa sikiliza maajabu yenyewe. Nyigu jike akishapandwa, huhifadhi mbegu za dume katika kifuko kidogo tumboni. Yai analolipa mbegu huwa jike. Analolinyima halifi: huanguliwa vilevile, likawa dume asiye na baba. Basi uamuzi uko kwa mama, naye huamua kwa kumpima kidung'ata. Humpapasa kwa papasi zake. Kidung'ata akiwa mkubwa, humtagia yai la jike, akiwa mdogo, humtagia la dume.

Kwa nini? Buu la nyigu hukulia ndani ya kidung'ata mmoja tu, na hicho ndicho chakula chake chote. Jike aliyeshiba hutoka na umbo kubwa na mayai mengi. Dume, hata akitoka mdogo, bado anaweza kupanda majike. Mwenye hasara kubwa ya njaa ni jike.

Kipimo chenyewe si cha kudumu. Mwaka huohuo wa 1981, mtafiti Eric Charnov na wenzake walichapisha majaribio ya nyigu mwingine, anayeshambulia fukusi wa nafaka. Fukusi wa ukubwa uleule alitagiwa jike au dume kulingana na ukubwa wa wenzake waliokuwa karibu. Mama hulinganisha!

Mkulima anayenisikiliza, hapa ndipo jambo hili linapofika kwako. Watafiti wa muhogo waliona kwamba penye udongo wa kichanga uliochoka, vidung'ata hubaki wadogo. Nyigu wakataga madume kwa wingi, na dume hashambulii kidung'ata hata mmoja. Ndiyo maana katika mashamba ya namna hiyo vidung'ata waliendelea kusumbua ingawa nyigu walikuwapo. Palipotandazwa matandazo na kutiwa mbolea, muhogo ulinawiri, vidung'ata wakanenepa, na majike wa nyigu wakaongezeka.

Kwa hiyo tandaza majani makavu shambani mwako, na usikimbilie kupulizia sumu, maana humuua nyigu pamoja na windo lake. Ukiona kidung'ata aliyekauka, rangi ya kahawia, mgumu, mwache palepale kwenye shina. Ndani yake huenda yumo nyigu anayejiandaa kutoka. Na ukikuta ana tundu la mviringo, ujue nyigu ameshatoka na yuko kazini.