Gunia la Mahindi na Tangi la Petroli
(Hotuba iliyosomwa na mfanyakazi wa reli mbele ya wanachama, Changamwe)



Nimeombwa na Halmashauri niseme machache juu ya mafuta ya magari yanayotengenezwa kwa mimea. Baadhi yenu mlicheka mlipoisikia habari hiyo, mkasema, "Sisi ni watu wa reli, mambo ya mashamba yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Kile kiwanda cha kusafishia mafuta tunachokipita kila siku hapa Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963 kikasimama mwaka 2013, kimetajwa kwamba huenda kikageuzwa kuwa kiwanda cha mafuta ya mimea. Tena mshahara wetu, hata ukiandikwa kwa shilingi, nyumbani huhesabiwa kwa pakiti za unga.

Nitaanza na nafaka, kwa kuwa ndiyo hesabu iliyo rahisi kushikwa, kisha nitarudi hapa kwetu.

Mahindi hugeuzwa kuwa spiriti ambayo wataalamu huiita ethanoli. Husagwa, unga wake ukatiwa maji, ukachachushwa kwa hamira, kisha ukachemshwa na mvuke wake ukakusanywa. Wanaojua namna chang'aa inavyopikwa hawana haja ya kuelezwa zaidi. Spiriti hiyo huchanganywa na petroli, na gari huenda.

Sasa sikilizeni hesabu. Tani moja ya mahindi hutoa lita kama 400 za spiriti. Kwa hiyo gunia la kilo 90 hutoa lita kama 36. Gunia moja ndilo karibu chakula cha mahindi cha mtu mmoja katika Kenya kwa mwaka mzima. Lita 36 hazijazi tangi la gari dogo la kawaida, na nguvu ya spiriti ni kama thuluthi mbili tu ya nguvu ya petroli. Yaani sima ya mtu ya miezi kumi na miwili inaweza kuondoka hapa asubuhi kwa gari na kuisha kabla ya kufika Nairobi.

Sisi tumezoea mabehewa, basi tuhesabu kwa mabehewa. Chukua behewa lenye tani 40 za mahindi. Hayo ni magunia 444, nayo yatatoa lita 16,000 za spiriti. Lori la tangi la barabarani, haya yanayotuziba njia kila jioni, huchukua zaidi ya lita 30,000. Behewa mbili za mahindi, chakula cha watu karibu 890 kwa mwaka, zajaza lori moja. Haki ni kusema kwamba si yote hupotea: karibu thuluthi moja ya uzito wa mahindi hubaki kama makapi yenye nguvu, wakalishwa ng'ombe na kuku. Lakini makapi hayo hayaji Magongo.

Mtu atauliza, ni nani afanyaye hivyo? Marekani hufanya, na kwa wingi mno. Mwaka 2000 walipeleka viwandani kama 6 kwa mia ya mahindi yao. Serikali yao ikapitisha sheria mwaka 2005, ikaongeza nyingine mwaka 2007, kulazimisha wauza petroli kuchanganya mafuta ya mimea. Ilipofika 2011 na 2012 viwanda vya spiriti vilikuwa vikichukua kama 40 kwa mia ya mavuno ya nchi ile, ambayo ndiyo hulima mahindi mengi kuliko nchi yoyote duniani. Mnunuzi mkubwa namna hiyo akiingia sokoni kwa amri ya sheria, hauulizi bei mara mbili. Januari 2007 watu wa Mexico waliandamana kwa sababu mikate yao ya mahindi imepanda bei. Mwaka 2008 bei za nafaka zilipanda dunia nzima, ghasia zikatokea katika miji mingi. Wataalamu hubishana ni sehemu gani ya upandaji ule ililetwa na spiriti, na ni sehemu gani ililetwa na bei ya mafuta, ukame na walanguzi. Kwamba spiriti ilikuwamo, wengi wao hawabishi.

Ndugu mmoja wa karakana aliniambia, "Lakini mahindi ya Marekani ni ya manjano, sisi twala meupe." Ni kweli, lakini bei haina rangi. Mfugaji akikosa ya manjano hununua meupe au ngano, na mkulima akiona ya manjano yana faida zaidi hupunguza shamba la meupe. Mwaka 2017, mvua ilipotukosa, Serikali ilipunguza bei ya pakiti ya kilo 2 hadi shilingi 90, na mwezi wa Mei meli ya mahindi meupe ya Mexico ikatia nanga hapa Mombasa. Katikati ya mwaka 2022 pakiti hiyo ilipita shilingi 200. Sisemi kwamba shida hizo mbili zililetwa na spiriti. Ukame ulikuwapo, na mwaka 2022 vita vya Ukraine vilikuwapo. Nasema kwamba mtu wa Chaani anunuapo unga, anashindana katika soko moja na tangi la gari la ng'ambo, na mwenye gari ana fedha zaidi.

Sasa turudi kwetu. Nchi yetu haikutia mahindi katika petroli. Miaka ya 1980 spiriti ilitengenezwa Muhoroni kwa molasi, yaani uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, ikachanganywa na petroli. Jambo hilo halikumnyima mtu chakula. Pwani yetu, lakini, imejaribiwa kwa njia nyingine, njia ya ardhi. Mwaka 2008 palikuwa na mpango wa Mumias pamoja na TARDA wa kulima miwa ya sukari na spiriti katika hekta kama 20,000 za bonde la Tana, mahali ambapo Wapokomo hulima mpunga na Waorma hunywesha ng'ombe wakati wa kiangazi. Watu walikwenda mahakamani, na miwa ile haikupandwa. Nyuma ya Malindi, katika msitu wa Dakatcha, kampuni ya Kiitaliano ilitaka hekta 50,000 kwa ajili ya mbono, na baada ya mabishano mengi NEMA ikakataa. Na hapo ndipo hunishangaza, kwa maana mwaka 2009 uchunguzi ulikuwa umekwisha fanywa katika mashamba ya Kenya, ikaonekana kwamba mbono unaosifiwa hutoa mbegu chache mno, na mkulima akashauriwa aupande kwa ua wa boma tu.

Mpango wa sasa ni mwingine. Mwaka 2015 nchi za Ulaya ziliweka kikomo kwa mafuta yanayotokana na mazao ya chakula, yasipite 7 kwa mia katika mafuta ya vyombo vya usafiri. Kwa hiyo makampuni yakaanza kutafuta mbegu zisizoliwa. Eni ya Italia ilipatana na Serikali yetu mwaka 2021, na mwaka 2022 ikafungua kinu cha kukamua mbegu huko Makueni: mbarika, krotoni, mbegu za pamba. Oktoba mwaka huo mafuta ya kwanza yalipakiwa melini hapa Mombasa kwenda Gela, Sicilia. Katika mapatano hayo ndipo lilipotajwa jambo la kiwanda chetu cha Changamwe, ambacho sasa kiko chini ya Kenya Pipeline, na matangi yake hutumika kwa kuhifadhi mafuta.

Hapa nataka tusidanganyane. Watu wa kiwanda kile walipoachishwa kazi, wenye maduka na wenye nyumba za kupangisha waliumia pamoja nao. Kiwanda kikifufuliwa, vijana wetu watapata kazi, na kama mbegu zitasafiri kwa reli, nasi tutapata mzigo. Mtu wa reli hakatai mzigo. Mbegu za pamba ni mabaki, sina neno nazo. Mbarika hailiwi, ni kweli, lakini humea katika udongo, nayo kampuni husema ni udongo uliochoka usiofaa chakula. Huenda ni hivyo mahali pengi. Lakini mvua ni moja na mikono ya kupalilia ni ileile. Mama wa Kinango au wa Kibwezi, mvua ikinyesha wiki tatu tu, lazima achague apalilie nini kwanza, mahindi na kunde au mbarika ya kuuza. Bei ya mbarika ikiwa nzuri atanunua unga. Ikiwa mbaya, au mnunuzi asipokuja, atakuwa na gunia la mbegu zenye sumu na watoto wasio na chakula.

Kwa hiyo naomba Halmashauri iandike barua kwa Kenya Pipeline na kwa Serikali ya Kaunti, iulize kama mpango wa kiwanda ungaliko, na kama uko, chama kiitwe kabla ya kutiwa sahihi, wala si baada yake. Naomba barua itake ahadi ya maandishi kwamba nafaka haitaingia katika kiwanda kile, na kwamba kila tani ya mbegu itajulikana imetoka wilaya gani na mkulima amelipwa kiasi gani kwa kilo. Wenye kampuni watasema hayo ni mambo ya wakulima. Tuwajibu kwamba wakulima hao ni mama zetu na shangazi zetu, ambao ndio tunaowatumia fedha mwisho wa mwezi wakikosa mavuno.

Jambo la mishahara limo pia. Wazee wetu wa reli na wa bandari walipogoma hapa Mombasa Januari 1947, kubwa lao lilikuwa kwamba vitu vya soko vimeupita mshahara. Katika mazungumzo yajayo, wajumbe wetu waende na bei ya pakiti ya kilo 2 ya kila mwezi, iliyoandikwa dukani Changamwe, Likoni na Kisauni, wasingoje takwimu za mwajiri. Akina mama wanaweza kuiandika kazi hiyo vizuri kuliko sisi, na naomba wapewe daftari leo.

Hesabu ya magunia na lita nimemwachia Katibu. Sasa nakaa, mniulize.