Someni Ncha Iliyokatika: Kuchagua na Kutunza Mshipi, Rodi na Rili

Wazee wetu wa mishipi ya mkono, manahodha, nanyi vijana mnaowahudumia wageni kwenye boti za kurambaza,

Kwenye mwaliko niliomba kila mshiriki aje na kipande cha mshipi uliomkatikia, urefu wa shubiri moja, kikiwa na ncha yake. Naona wengine mmevitia kwenye viberiti, na bwana mmoja kule nyuma amekizungusha kwenye kalamu. Viacheni kwanza. Tutavirudia.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilinunua rodi kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa ya kaboni, nyepesi kama ufito wa makuti, na rili yake inang'aa kama mkufu wa bibi harusi. Wiki ile ile nikapoteza samaki watatu: nguru mmoja na kolekole wawili. Mara zote tatu mshipi ulikatika katikati ya vuta nikuvute, samaki akiwa hajafika hata karibu na boti. Nikaulaumu mshipi, nikanunua mwingine. Nao ukakatika, nikamlaumu mwenye duka.

Mzee mmoja aliyevua kwa mkono maisha yake yote, ambaye rodi hajapata kuigusa, alinikuta ufukweni nikifunga ndoana ya nne. Akaniuliza, "Mwanangu, ile ncha iliyokatika umeitupa wapi?" Nikamjibu kwamba sijui. "Basi utanunua mishipi mpaka uuze nyumba." Akaushika mshipi uliobaki, akaupitisha taratibu kati ya kucha mbili. Ulikuwa umechunika upande mmoja, kama uliopigwa msasa. Akaomba pamba, akaifinyanga, akaizungusha ndani ya pete ya mwisho kwenye ncha ya rodi. Ilipotoka, nyuzi zake zilikuwa zimenasa kwenye ufa ambao kwa macho sikuuona. Kila samaki aliyekimbia alikuwa akiuvuta mshipi wangu juu ya kisu. Pete mpya ilinigharimu chini ya bei ya mshipi mmoja.

Tangu siku hiyo sinunui kitu kabla ya kuisoma ncha. Iliyojisokota kama springi ya kalamu inasema fundo limeteleza likafunguka. Mshipi wenyewe hauna kosa. Iliyokatwa sawasawa kama kwa wembe, na juu yake mshipi ni laini na mzima, ni meno: nguru, mzia au papa. Iliyokwaruzika pande zote kwa pima nzima imesugua mwamba. Ikikwaruzika upande mmoja tu, safari baada ya safari, tafuta pete kama yangu. Mshipi uliokonda kuelekea kwenye ncha umevutwa kupita nguvu yake, na hapo wa kuulizwa ni mwenye kukaza breki. Na ule uliofifia rangi, unaotoa unga ukiukwaruza kwa kucha na kukatika mikononi bila jasho, umeliwa na jua. Tazameni sasa: katika sababu zote hizo, dawa yake mara chache huwa mshipi mnene zaidi. Lakini dukani sote huomba kitu kimoja: "Nipe mnene kuliko huu."

Unene una gharama yake. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, kutoka milimita 0.40 hadi 0.80, nguvu hupanda karibu mara nne, lakini bobini iliyokuwa ikichukua mita 400 sasa itachukua mita 100 tu. Katika mkondo wa Pemba, ambako chini kunateremka mamia ya mita na nduaro anakimbia bila kuuliza, mita 100 ni salamu tu.

Nailoni ndiyo tuliyokulia nayo. Ilitoka kwenye maabara za DuPont huko Marekani mwaka 1935, na ndani ya miaka mitano ikawa nywele za miswaki, soksi za wanawake na mishipi ya kuvulia. Wema wake ni kunyumbuka. Samaki akijitupa ghafla, nailoni hurefuka na kulimeza lile pigo kabla halijafika kwenye fundo au kwenye mdomo wa samaki. Ubaya wake ni kwamba hunywa maji na kupungua nguvu kidogo ikilowa, na jua ni adui yake. Kwa kurambaza bado siujui mshipi ulio bora kuliko huo, na kwa mkono mtupu hauna mpinzani.

Mshipi wa kusuka, ule wa nyuzi za polithini ngumu, ni habari nyingine. Kwa nguvu ile ile ni mwembamba mno, na karibu haunyumbuki kabisa: changu akigusa chambo pima arobaini chini, kidole kinapata habari papo hapo. Kwa uvuvi wa chini kwa rodi ni neema. Ila wazee wangu, msiushike kwa mkono mtupu, hata kwa vile vipande vya tyubu ya baiskeli mnavyovaa vidoleni. Hupita mpira, hupita ngozi. Huyeyuka kwenye joto la kama nyuzi 145 za Selsiasi, na msuguano wa fundo linalokazwa kavu kwa haraka huuunguza bila moshi. Loweka fundo kwa mate kabla ya kukaza, na ongeza mizunguko, maana unateleza. Kwenye bobini anza na mizunguko kadhaa ya nailoni, la sivyo mzigo wote wa mshipi wa kusuka utazunguka juu ya chuma nawe unakaza breki bure.

Fulorokaboni, mshipi wa tatu, huzama haraka, hainywi maji, inastahimili mwamba, na samaki huiona kwa shida kuliko nailoni kwa sababu hupinda mwanga karibu sawa na maji yenyewe. Ni ghali. Kujaza bobini nzima kwa fulorokaboni ni sawa na kutandika zulia hadi kwenye banda la kuku. Pima mbili za mbele zinatosha. Kwa nguru weka waya mfupi, ingawa changu akiuona waya ataondoka na heshima zake.

Juu ya rodi nitasema machache. Kaboni ni nyepesi na inasikia vizuri, lakini chubwi likiigonga huipa jeraha usiloliona, na siku ya samaki mkubwa huvunjika pale pale. Faiba ni nzito, inasamehe. Kwa boti inayopakia wageni wapya kila asubuhi, nunueni faiba. Msiinyanyue rodi ikasimama wima samaki akiwa chini ya ubavu wa boti; mzigo wote huhamia kwenye ncha. Kaboni pia hupitisha umeme, kwa hiyo mvua ya radi ikija ilazeni, na mkitembea nayo chini ya nyaya za umeme msiisimamishe. Kwa safari ya bodaboda, bomba la plastiki la maji lenye vifuniko viwili ni nyumba nzuri kuliko begi la duka.

Sasa breki ya rili, ambako naona samaki wengi wanapotea bure. Wengi wetu hukaza kwa kuvuta mshipi kwa mkono na kusema "hapo sawa". Mkono ni mwongo. Chukueni mizani ya ndoana, ile ya sokoni, mfunge mshipi, mvute rodi ikiwa imepinda. Breki ianze kuachia kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa kilo 24 uachie kwenye kilo 6 hadi 8. Mtasema ni kidogo, lakini fuateni hesabu. Bobini iliyojaa ina kipenyo cha, tuseme, sentimita 10. Samaki akikimbia mpaka mshipi uliobaki una kipenyo cha sentimita 5, breki ile ile, bila kuguswa, sasa inahitaji nguvu mara mbili kuzunguka. Zile kilo 8 zimekuwa 16. Ongeza mamia ya mita za mshipi unaokokotwa majini, umeshaukaribia mwisho. Na hapo ndipo kijana, akiona bobini inaisha, huingiwa na hofu na kukaza zaidi. Samaki akiwa mbali, legeza, kisha umfuate kwa boti.

Utunzaji unategemea maji matamu, nami najua kuna visiwa vyetu ambako maji hununuliwa kwa dumu. Lita moja inatosha. Mkifika nchi kavu kazeni breki kwanza, ili maji yasiingie kwenye sahani zake. Kisha nyunyizeni taratibu, panguseni kwa kitambaa, na kausheni kivulini. Msiielekezee rili mpira wa maji yenye nguvu, maana husukuma chumvi ndani badala ya kuitoa, wala msiizamishe kwenye ndoo. Ikishakauka, legezeni breki kabisa; ikikaa imekazwa, sahani hujibana na siku ya kazi huachia kwa mishtuko. Tone la mafuta ya cherehani kwenye mkono wa rili, grisi kidogo kwenye meno ya ndani. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi, nimeyaona. Skrubu za chuma kisichoshika kutu zilizofungwa kwenye aluminiamu zifunguliwe kila msimu na kupakwa grisi, kwa kuwa chumvi ikikaa kati ya metali mbili tofauti, aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Mshipi nao: kata pima mbili za mbele baada ya kila safari ya mwambani. Usiuanike juu ya bati. Nusu ya msimu ikipita, ugeuze kichwa miguu. Sehemu iliyokuwa chini ya bobini haijaona jua wala samaki, ni kama mpya. Vipande vilivyokatwa viingie kwenye chupa na kufungwa, visitupwe majini, kwa sababu nailoni haiozi na kasa hachagui anachomeza.

Haya, viberiti vifunguliwe. Kila mtu ampe jirani yake kipande chake. Jirani aseme ncha ile imekatwa na nini, kabla mwenyewe hajaanza kutusimulia samaki alikuwa mkubwa kiasi gani.