Majira ya Kuzuru Serengeti

Aghalabu twaulizwa ni mwezi upi ulio bora wa kuzuru Serengeti, na jawabu lategemea msafiri ataka kuona nini, maadamu nyumbu hawatulii mahali pamoja, bali huzunguka mwaka mzima wakiandama mvua na majani mabichi.

Atakaye kushuhudia uzazi na aelekee nyanda za kusini, upande wa Ndutu, mnamo Februari, ambapo majani mafupi yaotayo katika udongo wa majivu ya volkano, yenye madini wayahitajiyo majike wanyonyeshao, huwavuta nyumbu kwa malaki. Nao huzaa takriban wote kwa majuma machache, na ndama, angali na unyevu wa tumboni mwa mamaye, husimama kwa dakika chache na kuanza kukimbia, kwani fisi hawako mbali.

Wapendao kivuko cha Mto Mara, huko kaskazini, na wangoje kiangazi, baina ya Julai na Oktoba, wakijua kwamba nyumbu hawana miadi na mtu: huenda kundi likasimama ukingoni tangu asubuhi hadi alasiri, likanusa maji, kisha likarudi lilikotoka.

Aprili na Mei ni masika. Njia huteleza na baadhi ya kambi hufungwa. Walakini bei hushuka, wageni huwa haba, na kwa rai yangu mwenye gari imara na subira asiidharau miezi hiyo, kwani simba wa Seronera, katikati ya Serengeti, kinyume cha nyumbu, hawahami.