Kukaa Kibiti au Kukaa Delta: Neno juu ya Bei ya Petroli

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kibiti)



Nakiri kuwa nilipotakiwa kusema juu ya bei ya petroli nalicheka, maana sina gari wala pikipiki. Lakini nilipofungua daftari langu la matumizi niliona kuwa petroli nainunua kila siku, ila nimezoea kuiita nauli, au bei ya sukari.

Hamkosi kukumbuka mwaka 2022. Vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza mwezi wa Februari, mafuta yalipanda bei duniani kote. Serikali yetu ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi wa Juni, na hata hivyo mwezi wa Agosti lita moja ya petroli pale Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410. Nauli nazo zikafuata. Basi la kawaida la safari ndefu lilikuwa likitoza shilingi 36.89 kwa kila kilometa; Mei 2022 ikawa 41.29, na Disemba 2023 ikawa 48.47. Yaani mwendo wa kilometa 100 uliokuwa shilingi 3,689 ulifika shilingi 4,847.

Wengi wetu tunafanya kazi hapa na jamaa zetu wako Mbagala, Kongowe au Mkuranga, kwa sababu ya shule za watoto na kwa sababu ya nyumba tulizojenga huko wakati kiwanja kilipokuwa rahisi. Kila Ijumaa jioni twapanda basi, na Jumatatu alfajiri twarudi tukisinzia. Twanung'unika sana juu ya nauli hiyo, nami sisemi ni ndogo. Lakini, ndugu zangu, tuseme kweli: basi halijamfukuza mtu kazini. Basi hubeba watu wengi, na kila mmoja hulipa sehemu yake ndogo ya mafuta. Petroli inayoamua mtu akae wapi katika wilaya yetu ni ile inayotiwa katika boti.

Mashine ya nguvu za farasi 40 ikikimbizwa yaweza kunywa lita zaidi ya 10 kwa saa moja. Kwa bei ile ya Agosti 2022, saa moja ya maji ilikuwa shilingi 34,100, na kwa fedha hiyo mtu angaliweza kwenda kilometa 100 kwa basi mara nane. Tena hiyo ni bei ya kituo cha mafuta. Bei ya kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi huishia penye pampu. Petroli inayouzwa kwa dumu au kwa chupa huko mitoni haina wa kuitangazia bei. Boti ikijaa abiria gharama hugawanyika, lakini karani peke yake na sanduku lake la karatasi hana wa kugawana naye. (Mto wetu huu sasa watoa umeme kule bwawani, megawati 2,115, na mashua zinazopita mdomoni mwake bado zanywa petroli. Nayasema haya bila uchungu, ila yananichekesha.)

Basi twafanyaje? Twahamia Kibiti. Mtumishi aliyepangiwa kazi Salale, Kiongoroni, Msala au Mbwera hupanga chumba hapa penye barabara, akaahidi kwenda na kurudi. Nayajua haya kwa kuwa nalifanya mimi mwenyewe. Nilikuwa na kituo changu Delta, katika kijiji ambacho sitakitaja. Mwanzo nalikaa huko. Kisha nikapanga hapa, nikawa naenda mara mbili kwa juma kwa njia ya Nyamisati. Petroli ilipopanda nikaenda mara moja. Halafu nikawa naenda boti inapopatikana, na hilo, kama mjuavyo, ni neno la mtu asiyetaka kwenda.

Siku moja nalifika saa tano nikamkuta bibi mmoja barazani pa ofisi. Alikuwa akitaka barua na mhuri tu, kazi ya dakika tano. Alikuja kwa mtumbwi wa kupiga kafi, na alikuwa ameingojea barua hiyo tangu juzi. Hakunilaumu. Aliniuliza, "Mwanangu, ulikuwa mgonjwa?" Nikamjibu ndiyo. Uongo ule umenikaa mpaka leo.

Hapa ndipo hesabu yetu ilipo na kosa. Karani akihama ili kuokoa petroli, safari haikufutika. Imepewa mtu mwingine, naye hana mshahara. Sisi twaandika faida katika daftari, na bibi yule hana daftari.

Najua mtanijibu kuwa Delta hakuna nyumba za watumishi za kutosha, maji ya kunywa ni ya shida, na mke wa mtu hakubali watoto wakue mbali na shule nzuri. Yote ni kweli, wala sitaki mtu alazimishwe kulala penye paa linalovuja. Kwa hiyo naleta maombi mawili. Kwanza, Chama kiandike barua kwa Halmashauri kuomba nyumba ijengwe kabla mtumishi hajapelekwa. Pili, sisi tunaovuka, walimu, waganga na makarani, tuchange boti moja yenye siku zake zinazojulikana, zikipangwa kwa hesabu ya mwezi. Wakati wa bamvua, maji yakijaa, vijito vidogo hupitika na njia hufupika. Wakati wa maji mafu boti huzunguka na kunywa zaidi. Manahodha wanayajua haya kuliko sisi. Siku hizo zibandikwe mlangoni pa kila ofisi, ili mwenye haja asije akangoja bure.

Mchango nimeupiga hesabu kwa watu 12, na karatasi iko mezani kwa Katibu. Kati yetu sasa wamejiandikisha saba. Bwana Mwenye Kiti, naomba wanaopinga waseme leo mbele ya mkutano, kwani bamvua ijayo haiko mbali.